Mchango wako wa kwanza kwenye programu huria: kuingia OpenMRS hatua kwa hatua

Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya VVU nchini Kenya au Uganda, kuna uwezekano mkubwa kumbukumbu zake zimo kwenye mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. KenyaEMR imesimama juu yake, na UgandaEMR vilevile. Msimbo wake wote uko wazi: unaweza kuusoma leo, kuunakili, kuubadilisha, na kuwapelekea wenye mradi mabadiliko uliyoyafanya. Wasanidi programu wengi wa Afrika Mashariki wanalijua hilo na bado hawajatuma chochote, ama kwa kutojua pa kuanzia, ama kwa kudhani kwamba lazima kwanza wawe mabingwa. Nawaandikia hao.

Nimeuchagua mradi huu kwa makusudi. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kuisaidia AMPATH, mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana. Mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo ulikuwa umekua kutokana na kazi iliyoanza 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, kwa hifadhidata ya Microsoft Access, na idadi ya wagonjwa wa VVU ilikuwa inauzidi nguvu. Mfumo mpya ukaanza kutumika Eldoret Februari 2006, na mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu, Rwanda, kupitia shirika la afya la Partners In Health. Kwa hiyo unapojiunga huendi ugenini. Mfumo huu ulizaliwa na foleni za wagonjwa wa huku kwetu, na mtu anayezijua foleni hizo ana kitu ambacho msanidi aliyeko Boston itabidi akuulize.

Hatua ya kwanza: utumie mfumo kabla ya kuugusa msimbo

Wengi hukimbilia msimbo siku ya kwanza, wakakutana na mafaili maelfu, wakakata tamaa. Anza upande wa mtumiaji. Fungua kivinjari, nenda dev3.openmrs.org, ambako toleo la majaribio la OpenMRS 3 liko wazi kwa kila mtu. Jina la kuingilia ni admin na neno la siri ni Admin123; yameandikwa kwenye nyaraka za mradi, si siri.

Sajili mgonjwa wa kubuni. Utakapofika kwenye umri, tulia hapo kidogo. Fomu inakuuliza kwanza kama tarehe ya kuzaliwa inajulikana. Ukijibu hapana, inakubali umri wa makadirio kwa miaka na miezi, kisha mfumo unajipigia hesabu ya tarehe na kuiwekea alama kwamba ni ya kukadiria. Alama hiyo ndogo ina kazi kubwa. Bila hiyo, bibi aliyesema "nina kama sabini hivi" angeingizwa kwa tarehe ya kubuni inayoonekana kama ya kweli, na baadaye mtu akapanga dozi au akatoa takwimu kwa kuiamini. Aliyeifikiria fomu hii alikaa kwenye dawati la mapokezi, au alimsikiliza aliyekaa.

Endelea: anzisha ziara, weka presha na uzito, andika dawa, funga ziara. Ukifanya hivyo mara kadhaa utaona jinsi mfumo unavyofikiri. Kila mgonjwa anapoonwa na mhudumu kunatengenezwa rekodi ya tukio hilo, na ndani yake kila kilichopimwa au kuulizwa huwa kipande chake cha taarifa. Kila kipande kinarejea kwenye kamusi kuu ya dhana: malaria ni dhana, uzito ni dhana, "ndiyo" ni dhana. Kwa sababu ya kamusi hiyo, kituo kinaweza kuongeza swali jipya kwenye fomu bila mtu kubadilisha muundo wa hifadhidata. Ukilielewa hili, nusu ya majina utakayoyakuta kwenye msimbo yatakuwa tayari yanakuambia kitu.

Andika pembeni kila kinachokukwaza: ujumbe usioeleweka, kitufe kinachojificha kwenye simu, fomu inayokubali uzito wa kilo elfu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Waliozoea mfumo hawayaoni tena hayo, wewe bado unayaona. Na usiingize humo jina la mgonjwa wa kweli hata mmoja, maana kila mtu anaweza kuiona tovuti hiyo.

Hatua ya pili: jua shughuli zinafanyikia wapi

Msimbo uko GitHub. Kazi zinazosubiri kufanywa zimeorodheshwa Jira kama tiketi, kila moja na namba yake: zinazoanza na TRUNK ni za kiini cha mfumo, kilichoandikwa kwa Java, na zinazoanza na O3 ni za sura mpya ya mbele, iliyoandikwa kwa TypeScript na React. Mijadala mirefu hufanyika kwenye jukwaa liitwalo Talk, maswali ya papo kwa papo kwenye Slack. Jisajili upate kitambulisho cha OpenMRS.

Kisha soma kwa siku kadhaa bila kuandika. Angalia nani anajibu maswali ya aina gani, mabishano yanamalizwaje, ombi la aina gani linajibiwa haraka na lipi linalala. Ukishaona hivyo, jitambulishe kwa mistari mitatu au minne: uko wapi, unaijua lugha gani ya programu, unataka kusaidia nini. Kiingereza cha sentensi fupi kinatosha kabisa. Mradi una watu wa nchi nyingi ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au ya tatu.

Jambo moja la saa, kwa sababu limewakosesha watu wengi vikao. Ratiba za mradi hutajwa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Kikao cha 14:00 UTC ni 17:00 kwetu, yaani saa kumi na moja jioni. Unapoandika saa, andika kwa tarakimu za saa ishirini na nne na utaje UTC. Ukiandika "saa nne" ukimaanisha asubuhi yetu, hakuna aliye nje ya Afrika Mashariki atakayekuelewa.

Soma pia leseni, hata kwa dakika kumi. OpenMRS inatumia Mozilla Public License 2.0 pamoja na tamko la kujikinga linalohusu huduma za afya. Unaruhusiwa kuutumia mfumo, kuubadilisha, hata kuuza huduma juu yake, lakini mafaili yao uliyoyabadilisha ukiyasambaza lazima msimbo wake ubaki wazi. Kama umeajiriwa, hakikisha mkataba wako hausemi kwamba kila unachoandika ni mali ya mwajiri. Liulize hilo mapema, kabla hujatuma kitu.

Hatua ya tatu: chagua kazi ndogo utakayoimaliza

Tafuta tiketi zilizowekewa alama ya wanaoanza, zilizo tayari kufanyiwa kazi, ambazo hazina mtu. Soma tiketi yote pamoja na maoni yaliyo chini yake. Mara nyingi utakuta mtu aliichukua miezi minane iliyopita kisha akanyamaza. Andika hapo kwa adabu kwamba ungependa kuendelea nayo, na usubiri siku mbili tatu kabla ya kuanza. Chukua moja tu. Anayejiwekea tiketi tano kwa mpigo anawazuia wengine, na watunzaji wa mradi hulikumbuka jina lake kwa sababu hiyo.

Epuka mabadiliko ya kujionyesha. Oktoba 2020, wakati wa Hacktoberfest, kampeni ya kila mwaka ya kuhamasisha michango kwenye programu huria, washiriki walikuwa wanapewa fulana wakituma idadi fulani ya michango, na miradi mingi ikafurikwa na maombi ya kuongeza neno "amazing" kwenye faili la utangulizi. Watunzaji walitumia siku zao kuyafunga moja moja, hadi waandaaji wakabadilisha utaratibu siku chache tu baada ya kuanza ili miradi ichague yenyewe kushiriki. Mstari mmoja unaorekebisha hitilafu ya kweli una thamani. Mstari mmoja wa kupata alama ya kijani kwenye wasifu wako unamwibia mtu jioni yake.

Wala huhitaji kuanza na msimbo. Nyaraka zenye maelekezo yaliyopitwa na wakati zinamsubiri mtu azisahihishe, na tafsiri hufanywa kwenye tovuti ya Transifex bila kuandika amri yoyote. Ila kazi ninayoithamini kuliko zote kwa anayeanza ni taarifa nzuri ya hitilafu, hasa inayotoka kwa mtu aliye karibu na kituo cha afya. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Usajili haufanyi kazi, naomba msaada wa haraka." Ya pili:

"Kwenye dev3, leo saa 09:20 UTC, Firefox kwenye Android. Nilifungua fomu ya kusajili mgonjwa, nikachagua kwamba tarehe ya kuzaliwa haijulikani, nikaacha miaka wazi na kuandika miezi 7, nikabonyeza kusajili. Nilitarajia mtoto asajiliwe. Badala yake fomu ilirudi juu bila ujumbe wowote. Nimejaribu tena kwenye Chrome ya kompyuta, ikawa hivyohivyo. Nimeambatisha picha ya skrini."

Mfano huo ni wa kubuni, lakini umbo lake ndilo linalotakiwa: ulikuwa wapi, ulifanya nini kwa mpangilio, ulitarajia nini, ukapata nini, na kama linajirudia. Msanidi akiisoma anaweza kuliona tatizo kwa macho yake ndani ya dakika tano. Kabla ya kutuma, tafuta kwenye Jira kama kuna aliyeliripoti tayari.

Hapa pana makatazo mawili ambayo hayana mjadala. Picha ya skrini kutoka kwenye mfumo wa kituo halisi haipandishwi popote, hata kama umefunika jina, kwa sababu tarehe, namba ya faili na kijiji vinatosha kumtambulisha mgonjwa. Irudie hitilafu kwenye dev3 kwa mgonjwa wa kubuni, upige picha hiyo. Na ukigundua mwanya wa kiusalama, kwa mfano kwamba mtu asiye na ruhusa anaweza kusoma faili la mgonjwa, usiutangaze kwenye jukwaa. Wapelekee faraghani kwa njia waliyoitaja kwenye maelezo yao ya usalama, uwape muda wa kuuziba kabla walaghai hawajaujua.

Hatua ya nne: andaa kompyuta bila kumaliza bando

Ukichagua upande wa mbele, huhitaji kuendesha seva nzima kwenye laptopu yako. Tuseme tiketi yako inahusu fomu ya usajili. Bonyeza kitufe cha kutengeneza nakala yako (Fork) ya mradi wa openmrs-esm-patient-management kwenye GitHub, kisha iteremshe:

`git clone --filter=blob:none <anwani ya nakala yako>`

Neno hilo la filter linaiambia Git ikuletee historia bila yaliyomo ya mafaili ya zamani. Unapunguza kiasi cha kuteremsha, na kikihitajika kitu cha zamani kitaletwa wakati huo. Kisha unganisha na mradi wenyewe ili uweze kupata mabadiliko ya wengine:

`git remote add upstream <anwani ya mradi mkuu>`

Soma faili la README kujua toleo la Node linalotakiwa, andika `yarn` ili vifaa viteremke, kisha:

`yarn start --sources 'packages/esm-patient-registration-app'`

Kipande cha usajili kitaendeshwa kutoka kwenye kompyuta yako, huku taarifa za wagonjwa zikitoka dev3. Hasara yake ni kwamba unahitaji intaneti muda wote unapofanya kazi. Kuteremsha vifaa mara ya kwanza ndiko kunakokula data, hivyo kama chuo au ofisi yako ina waifai, fanya hatua hii hapo.

Waliochagua kiini cha Java wana unafuu wa aina nyingine. Maven, chombo cha kujengea programu za Java, huteremsha maktaba nyingi mara ya kwanza na kuzihifadhi kwenye folda ya .m2. Baada ya hapo, ukiongeza `-o` kwenye amri ya `mvn`, unaweza kujenga na kufanya majaribio bila mtandao kabisa, hata umeme ukikatika na umebaki na betri. Usiifute folda hiyo kwa kutafuta nafasi.

Hatua ya tano: rekebisha kile tu ulichosema utarekebisha

Fungua tawi (branch) jipya lenye namba ya tiketi. Namba hii ni ya mfano:

`git switch -c O3-1234`

Mafaili ni mengi, lakini kuna njia ya mkato ya kufika mahali husika: tafuta maneno yanayoonekana kwenye skrini. Kama shida iko kwenye swali la tarehe ya kuzaliwa, andika `git grep -n -i "birth known"`. Utaletewa sehemu maneno hayo yalipo, mojawapo ikiwa faili la tafsiri lenye ufunguo wake. Uchukue ufunguo huo, utafute tena, nao utakupeleka kwenye faili la msimbo linalochora swali hilo. Njia hii inafanya kazi kwenye karibu kila mradi wenye maandishi ya kuonyesha, na imewatoa watu gizani kuliko michoro mingi ya usanifu.

Ukibadilisha maandishi, gusa ya Kiingereza tu, en.json. Mafaili ya lugha nyingine hujazwa kutoka Transifex, na ukiyahariri kwa mkono kazi yako itafutwa na mzunguko unaofuata.

Utaona mambo mengine ya kurekebisha njiani: jina baya la kigezo, nafasi zisizolingana, fomu jirani yenye kasoro kama hiyohiyo. Yaache. Yaandike kwenye daftari yawe tiketi nyingine. Mabadiliko ya mistari kumi na mbili yanayojibu jambo moja husomwa mtu akiwa anasubiri chai. Mabadiliko ya mafaili arobaini yatakaa wiki tatu, halafu yatarudishwa yagawanywe.

Ongeza jaribio linaloshindwa kabla ya rekebisho lako na kupita baada yake. Usipojua lianzie wapi, fungua faili la majaribio lililo karibu na faili ulilobadilisha na uige mtindo wake. Mwisho endesha `yarn verify`, inayokagua mtindo, aina za data na majaribio kwa pamoja. Isipopita kwako haitapita kwao.

Akili unde nayo ina nafasi yake, kwa sharti moja. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani mara nyingi juu ya ripoti za usalama zilizoandikwa na mashine, zenye lugha nzuri na zisizo na ukweli, zinazokula saa za watu wachache wanaojitolea. Ikikusaidia kuelewa msimbo au kupendekeza jaribio, sawa. Lakini kila mstari unaoutuma uwe unaweza kuueleza mwenyewe ukiulizwa, kwa maneno yako. Huu ni mfumo wa dawa za watu.

Hatua ya sita: tuma ombi la kuunganisha (pull request), kisha uwepo

Kichwa cha ombi kina desturi yake. Upande wa mbele huanza na aina ya badiliko kwenye mabano, kama `(fix) O3-1234:` na maelezo mafupi. Kwenye kiini ni `TRUNK-1234:` na maelezo. Ndani yake sema tatizo lilikuwa nini, umelitatuaje, na uweke picha mbili za skrini, kabla na baada. Weka kiungo cha tiketi. Kama hujamaliza ila unataka maoni, itume kama rasimu.

Kisha subiri, na hapa ndipo wengi hupotelea. Anayepitia kazi yako ana kazi yake nyingine, na pengine kwake ni usiku. Wiki ikipita kimya, andika mara moja kwa upole ukiuliza kama kuna kinachokosekana. Maoni yakija, yajibu moja moja: hili nimelifanya, hili sikulielewa, hili nadhani lina athari hii. Kukosolewa kwa mstari wako wa arobaini na mbili hakukugusi wewe kama mtu. Ukiona umechomwa, jibu kesho.

Ukali wa wapitiaji una sababu. Machi 2024 Andres Freund, msanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili iliyo kwenye mifumo mingi ya Linux, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, akajenga imani hadi akapewa mamlaka juu ya mradi uliokuwa mikononi mwa mtunzaji mmoja aliyechoka. Kabla ya hapo akaunti nyingine zilikuwa zimemsonga mtunzaji huyo kwamba anachelewa mno. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini umeongeza maktaba mpya kwenye rekebisho dogo, mpe sababu kamili. Na mtunzaji akisema amelemewa, usiwe miongoni mwa wanaomsukuma.

Tawi kuu la mradi (main) likisogea mbele wakati unasubiri, leta mabadiliko mapya na upange kazi yako juu yake:

`git fetch upstream`
`git rebase upstream/main`

Ukikuta migongano, fungua faili husika, chagua kinachobaki, endesha ukaguzi tena, kisha sukuma tawi lako kwa `git push --force-with-lease`. Amri hiyo inakataa kama kuna mtu aliyeongeza kitu kwenye tawi bila wewe kujua, hivyo ni salama kuliko `--force` peke yake.

Baada ya kuunganishwa

Toleo la majaribio hujengwa upya lenyewe. Rudi dev3, sajili tena yule mtoto wa miezi saba, uone kama anaingia. Funga tiketi au mwombe mwenye mamlaka aifunge, futa tawi lako, na uandike kwenye tiketi sentensi moja inayoeleza kilichobadilika, kwa ajili ya atakayeifungua miaka miwili baadaye.

Ya pili ichukue karibu na ya kwanza, kwenye kipande kilekile cha mfumo, wakati majina ya mafaili bado yako kichwani. Ya tatu ikiisha, anza kupitia kazi za wengine. Huhitaji cheo kufanya hivyo: teremsha tawi la mgeni mwenzako, liendeshe, ubonyeze kila kitu kama mhudumu wa mapokezi mwenye foleni ndefu, kisha mwandikie ulichokiona. OpenMRS ina ngazi za wasanidi kuanzia /dev/null hadi /dev/5, na kuwapitia wengine ni sehemu ya kupanda. Kama unafahamiana na karani au muuguzi anayetumia KenyaEMR au UgandaEMR, mwombe akuoneshe kwenye dev3, si kwenye faili za wagonjwa wake, ni wapi vidole vyake hurudia kazi mara mbili, na tiketi yako inayofuata iandike kutokana na hapo.